Daftari la miaka tisa linaonyesha samaki wanapungua. Tuliamini?

Swali: "Mimi ni katibu wa BMU moja, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia bandari ya samaki, kusini mwa Kwale. Tangu Januari 2016 tunaandika kila siku kilo za samaki wanaoshushwa bandarini kwetu, vyombo vilivyotoka na zana zilizotumika. Mpwa wangu aliye chuoni alizitia namba hizo kwenye Excel, jumla ya kilo za kila mwezi hadi Desemba 2024, miezi 108, akachora mstari. Mstari unashuka. Anasema thamani ya p ni 0.03, kwa hiyo imethibitishwa kwamba samaki wanapungua. Mkutanoni vijana walisema ni kusi tu iliyokuwa kali miaka ya karibuni. Wazee wakasema samaki walikwisha kitambo, tangu matumbawe yalipokufa mwaka 1998, na daftari letu limechelewa. Mwanachama mwingine amesoma mahali kwamba bila takwimu za miaka 30 huwezi kusema lolote kuhusu bahari. Tunatakiwa tuamue kama tutafunga sehemu ya mwamba. Nani ana haki? Halafu kuna mwezi mmoja, Machi 2018, vibua waliingia kwa wingi mpaka namba ikapaa kuliko zote. Mpwa wangu anataka kuufuta. Aufute?"

Ndugu katibu,

Nikikuelewa vizuri, hangaiko lako si hesabu yenyewe. Unataka kujua kama unaweza kusimama mbele ya wavuvi, watu wanaotegemea mwamba ule kwa chakula cha jioni, ukawaambia wauache kwa sababu ya mstari uliochorwa kwenye kompyuta. Jibu fupi ni hili: huenda samaki kweli wanapungua, lakini ile 0.03 haiwezi kubeba uzito mnaoutwika. Na hata mkipata namba iliyo bora kuliko hiyo, haitawaambia peke yake kama sababu ni uvuvi, joto la maji au mabadiliko ya mnada. Daftari lenu lina uwezo wa kujibu mengi zaidi ya aliyoyauliza mpwa wako. Twende polepole.

Tuanze na hiyo p, kwa kuwa ndiyo iliyowasha mjadala. Watu wengi, wasomi wakiwemo, huichukulia 0.03 kana kwamba inasema kuna uhakika wa asilimia 97 kwamba samaki wanapungua. Haisemi hivyo. Inasema kwamba kama samaki wangekuwa hawabadiliki hata kidogo, na kama namba ya kila mwezi ingekuwa inajitegemea, haina habari na ya mwezi uliotangulia, basi mstari wenye mwinamo kama huu au zaidi ungejitokeza kwa bahati tu mara 3 kati ya 100. Hapo kuna sharti mbili. La kwanza ndilo tunalolipima. La pili Excel hulichukua kuwa kweli bila kukuuliza, na baharini halitimii karibu kamwe.

Namba za bahari hazijitegemei kwa sababu bahari ina kumbukumbu. Maji yaliyopata joto mwezi huu hayapoi usiku mmoja; mwezi ujao bado yana joto, na wa tatu pia. Samaki waliozaliwa kwa wingi mwaka mmoja wataingia kwenye madema, ile mitego ya samaki, mwaka huo na mwaka unaofuata. Kumbukumbu hiyo hutofautiana kwa aina ya kiumbe. Pweza huishi mwaka mmoja hivi, kwa hiyo idadi yake hupanda na kushuka haraka na kusahau haraka. Chewa wakubwa huishi miaka mingi, wengine makumi ya miaka, na pigo walilopata kizazi kimoja nyuma bado linasomeka leo. Tafi yuko upande wa pweza kuliko wa chewa. Ukizijumlisha kilo zao zote katika safu moja, umechanganya saa zinazokwenda kwa kasi tofauti.

Mwaka 1976 Klaus Hasselmann, mwanafizikia Mjerumani, alionyesha jambo ambalo bado huwashangaza wanafunzi. Hali ya hewa ya kila siku, upepo na mawimbi, ni kama kurusha sarafu. Lakini bahari huyakusanya matukio hayo madogo na kuyahifadhi, na matokeo yake ni kupanda na kushuka kwa muda mrefu, miaka hata makumi ya miaka, bila sababu yoyote kubwa kutoka nje. Kazi yake, pamoja na utafiti uliofuata juu ya namna ya kutambua alama ya binadamu ndani ya kuyumba huko, ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021. Kwenu maana yake ni hii: bahari ambayo hakuna aliyeigusa inaweza kabisa kuchora mstari unaoshuka kwa miaka tisa, kisha ikaugeuza.

Kwa hesabu, miezi 108 si mashahidi 108. Ni kama kusikiliza watu kumi wa nyumba moja waliopata habari kutoka kwa mtu mmoja: sauti ni kumi, ushahidi ni mmoja na ushei. Kuna njia nyepesi ya kujua mna mashahidi wangapi hasa. Mwambie mpwa wako aondoe kwanza msimu na ule mstari wenyewe, abaki na mabaki ya kila mwezi, yaani kiasi ambacho mwezi umezidi au kupungua kuliko ilivyotarajiwa. Kisha ainakili safu hiyo kando yake, aishushe seli moja, atumie kitendakazi cha CORREL kupata uhusiano wa kila mwezi na mwezi uliotangulia. Tuuite r. Idadi ya mashahidi wa kweli ni takriban idadi ya miezi ikizidishwa kwa (1 − r) na kugawanywa kwa (1 + r).

Tuseme, kwa mfano tu, r ikitoka 0.6. Miezi yenu 108 inageuka mashahidi 27. Upana wa makosa ya mstari unakuwa mara mbili ya ule ulioonyeshwa na Excel, na ile p ya 0.03 inapanda hadi karibu 0.28. Mstari haujasogea hata nukta moja. Kilichoanguka ni haki ya kusema "imethibitishwa". Kama r yenu itatoka 0.2, hali itakuwa nzuri zaidi. Ipimeni, msikisie.

Sasa vijana na kusi yao. Wamegusa jambo la kweli lakini wamelichukua upande mmoja. Kwetu samaki wengi hushushwa wakati wa kaskazi, maji yakiwa yametulia na vyombo vidogo vinafika mbali, na kusi hupunguza kila kitu: siku za kutoka, uwazi wa maji, umbali. Kupanda na kushuka huko kwa mwaka mmoja mara nyingi ni kukubwa kuliko mabadiliko ya miaka tisa mnayoyatafuta. Ukiuacha msimu ndani ya hesabu, ama utaficha badiliko la kweli au utazua lisilokuwepo, hasa kama kuna miezi ya kusi ambayo daftari halikuandikwa kwa sababu karani naye alikaa nyumbani.

Dawa yake si ngumu. Julai ilinganishwe na Julai, Januari na Januari. Mwaka 1982 Robert Hirsch na wenzake wa idara ya jiolojia ya Marekani waliandaa jaribio la namna hii kwa ajili ya ubora wa maji ya mito, wakilijenga juu ya kazi za Mann na Kendall, na leo linatumika sana kwenye bahari. Nalipenda kwa sababu linaweza kufanywa kwa kalamu. Chukua Julai zote tisa. Linganisha kila Julai na kila Julai iliyokuja baada yake: jozi ni 36. Hesabu zilizopanda, hesabu zilizoshuka, toa. Fanya hivyo kwa kila mwezi, ujumlishe. Halitazami ukubwa wa tofauti, linatazama mwelekeo tu, kwa hiyo mwezi mmoja wenye namba ya ajabu hauwezi kuuburuta mstari mzima. Weka hilo akilini kwa ajili ya vibua wenu.

Lakini hata jaribio hilo, likifanywa kwa miezi yote 12, huhadaiwa na ile kumbukumbu niliyoieleza, maana mwaka mbaya huwa mbaya miezi mingi mfululizo. Toleo ninalowashauri watu wenye daftari fupi ni la ukali zaidi: kila mwaka upate namba moja tu. Mtabaki na namba tisa, jozi 36. Ili mseme kushuka huko si rahisi kutokea kwa bahati, kwa kile kipimo cha kawaida cha 0.05, angalau jozi 28 kati ya 36 ziwe zimeshuka na 8 tu zimepanda. Ikitoka 25 kwa 11, bado mna dalili, ila hamna hoja ya kumnyamazisha mtu mkutanoni. Na kumbukumbu ndefu ya samaki kama chewa inaweza kuvuka hata kutoka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo bado tuwe na kiasi.

Hapo nimesema "namba moja kwa mwaka". Namba ipi? Hili ndilo linalonisumbua zaidi katika barua yako, zaidi ya p. Mpwa wako ametumia jumla ya kilo. Jumla ya kilo hupima mambo mawili kwa pamoja: samaki waliomo majini na watu waliokwenda kuwatafuta. Kafyu ya usiku iliyoanza Kenya Machi 2020 iliondolewa Oktoba 2021. Kama wavuvi wenu wa usiku walikaa nyumbani sehemu ya muda huo, au hoteli zilipofungwa mnunuzi akaacha kuja, jumla ya kilo ilishuka na samaki wakapumua. Mstari utaandika "samaki wamepungua" wakati huenda waliongezeka. Bahati nzuri mmeandika vyombo na zana. Basi gawanyeni: kilo kwa mvuvi mmoja kwa siku moja, na kila zana kivyake. Madema peke yake, mshipi peke yake, jarife peke yake. Pweza wahesabiwe kwa bamvua, yaani siku za maji makubwa, si kwa mwezi wa kalenda.

Kugawanya nako kuna mtego, na gharama yake ilionekana Newfoundland, Kanada. Miaka ya 1980 meli kubwa za huko ziliendelea kupata chewa wa maji baridi, wale wanaoitwa kodi, kwa wingi wa kuridhisha kwa kila saa ya kuvua. Namba hizo zilichangia watu kuamini kwamba samaki wapo. Kumbe samaki waliobaki walikuwa wamejikusanya pamoja, na manahodha walikuwa na vifaa bora vya kuwapata. Julai 1992 serikali ilifunga uvuvi ule, na takriban watu 30,000 wakapoteza kazi. Samaki wa makundi ndivyo walivyo: mavuno kwa mvuvi hubaki mazuri hadi karibu na mwisho. Kwa hiyo kwenye daftari lenu ningeamini zaidi dema kuliko wavu wa kuzungushia. Dema hukaa mahali pamoja na kungoja. Haliwezi kuwafuata samaki. Ila hakikisheni matundu na ukubwa wa madema havikubadilika katikati.

Na kubadilika kwa kipimo ndiko kunakowaangusha hata magwiji. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliosema mimea midogo ya baharini, ile inayolisha kila kitu kingine, imekuwa ikipungua duniani kwa karibu asilimia 1 kwa mwaka kwa takriban karne nzima. Habari ilienea kila mahali. Mwaka uliofuata wanasayansi wengine walijibu kwamba rekodi zile zilichanganya vipimo vya namna mbili: vya zamani, vya kuteremsha kisahani cheupe majini na kuangalia kinapotelea kina gani, na vya baadaye, vya kupima rangi ya kijani moja kwa moja kwenye sampuli za maji. Vipimo viwili visivyolingana sawasawa, kimoja kikitawala mwanzo na kingine mwisho, vinaweza kutengeneza mteremko bila kiumbe hata mmoja kupungua. Katika Atlantiki ya Kaskazini, ambako meli zimekuwa zikiburuta chombo cha kukusanyia viumbe hao tangu 1931, rekodi ilionyesha kuongezeka. Waandishi wa utafiti wa kwanza walijitetea na kuboresha hesabu zao, na mjadala ule umewafunza wengi.

Kwenu, basi, fungueni ukurasa mmoja kando ya daftari muandike historia ya kipimo chenyewe. Karani alibadilika lini? Mizani mpya ilinunuliwa lini? Nyavu za nyuzi moja ziliingia mwaka gani? Kuna siku za wiki ambazo hakuna anayeandika? Wanachama walianza lini kushusha samaki bandari ya jirani kwa sababu bei ni nzuri? Kama mshuko wenu wote umetokea ndani ya miezi sita baada ya mizani mpya, mmeshapata jibu bila kuhitaji takwimu.

Sasa wazee. Mwaka 1998, El Niño ilipokutana na joto lisilo la kawaida upande wetu wa Bahari ya Hindi, matumbawe yalipauka, na katika miamba mingi ya Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa. Wazee waliliona hilo, na daftari lililoanza 2016 haliwezi kuliona. Mwaka 1995 mwanabiolojia Daniel Pauly aliandika jinsi kila kizazi cha wanasayansi wa uvuvi huichukulia hali waliyoikuta wakianza kazi kuwa ndiyo ya kawaida, kisha hupima upungufu kutoka hapo. Mnaopima kutoka 2016 mnapima kutoka kwenye bahari ambayo tayari ilikuwa imepungukiwa. Zaidi ya hayo, 2016 yenyewe ilikuja na joto la El Niño ya 2015 na 2016. Mahali pa kuanzia huamua nusu ya hadithi. Mpwa wako na aurudie mstari wake akianza 2017, kisha 2018. Kama mteremko unatoweka kwa kuondoa mwaka mmoja wa mwanzo, msiutegemee.

Wazee pia wanadokeza kitu ambacho mstari ulionyooka hauwezi kukionyesha: bahari mara nyingi haiteremki, inaanguka ngazi. Mfano unaotajwa sana ni Pasifiki ya Kaskazini, ambako majira ya baridi ya 1976 na 1977 hali ya maji na samaki ilibadilika kwa pamoja na kukaa hivyo kwa miaka mingi. Kuna programu za bure zinazotafuta ngazi za namna hiyo. Nazitumia, na naziogopa. Ukizilisha namba zenye kumbukumbu ndefu zitakutafutia ngazi hata kwenye namba zilizobuniwa na kompyuta bila ngazi yoyote. Kanuni yangu ni kwamba ngazi sikubali kuiita ngazi mpaka ionekane kwenye vitu viwili visivyotegemeana, mfano madema na hesabu za wapiga mbizi, na iwe na sababu inayojulikana ya tarehe ile.

Mwanachama aliyetaja takwimu za miaka 30 hakuzua kitu. Kuna utafiti wa 2010 uliokadiria kwamba kwa rangi ya kijani ya bahari inayopimwa na setilaiti, ingehitajika rekodi ya miaka 40 hivi ili kutenganisha athari ya ongezeko la joto duniani na kuyumba kwa kawaida. Lakini hiyo si sheria ya bahari nzima. Miaka inayohitajika hutegemea mambo matatu: kasi ya badiliko, ukubwa wa kuyumba kwa kawaida, na urefu wa kumbukumbu. Kasi ikiwa nusu, miaka huongezeka mara 1.6 hivi. Na hapa kuna habari njema: mkipunguza kuyumba kwa nusu, kwa kutenganisha zana, kuondoa msimu na kupima siku zilezile za mwezi mwandamo, muda wa kungoja hupungua kwa zaidi ya theluthi. Daftari safi la miaka tisa linaweza kusema kile ambacho daftari chafu lingesema kwa miaka 14. Mwamba uliolipuliwa kwa baruti hauhitaji miaka 30 ili ujulikane umeharibika.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeliuliza mkutanoni, nami naliona kubwa: ni samaki gani wanaoshushwa? Kilo zinaweza kubaki palepale huku mwamba ukigeuka mwamba mwingine. Utafiti wa miaka mingi kwenye miamba ya Kenya, tangu miaka ya 1980, umeonyesha kwamba pale kikande na samaki wengine wanaokula wale viumbe wa miiba wanaochoma nyayo walipovuliwa kupita kiasi, viumbe hao waliongezeka sana, wakalikwangua tumbawe, na mwamba ukadhoofika. Kwenye hifadhi za baharini, kama ile ya Kisite, samaki hao wapo kwa wingi zaidi na viumbe wa miiba ni wachache. Jumla ya kilo haisimulii hayo.

Australia wamelipata somo kama hilo kwa njia nyingine. Kwenye miamba yao mikuu ya kaskazini mashariki, eneo lililofunikwa na matumbawe hai lilishuka kutoka asilimia 28 mwaka 1985 hadi karibu 14 mwaka 2012. Mwaka 2022 sehemu za kaskazini na kati zilionyesha kiwango cha juu kuliko chote katika miaka 36 ya kupima. Wengine wakashangilia kwamba hatari imepita. Waliotazama aina waliona kwamba kilichorudi zaidi ni matumbawe ya matawi yanayokua haraka, yaleyale ambayo joto na dhoruba huyamaliza kwanza, na joto la 2024 likayaangusha tena. Kwa hiyo kuanzia kesho, karani apime urefu wa samaki wachache wa aina nne au tano, kila bamvua. Samaki wakianza kuwa wafupi mwaka hadi mwaka, mara nyingi mtaona hilo kabla kilo hazijashuka. Utepe wa fundi cherehani unatosha.

Turudi kwenye uamuzi wenu. Mtu asisimame mkutanoni akasema, "Mtaalamu amesema p imepanda hadi 0.28, kwa hiyo samaki hawapungui." Kukosa uthibitisho wa upungufu si uthibitisho kwamba wapo. Badala ya kuuliza ndiyo au hapana, mwombeni mpwa wako awape masafa: upungufu wa kila mwaka unaweza kuwa kati ya kiasi gani na kiasi gani? Kama masafa yanaanzia kuongezeka kidogo hadi kupungua kwa asilimia 8 kwa mwaka, mjue kwamba upande mmoja wa masafa hayo ni msiba. Kisha mlinganishe makosa mawili. Mkifunga bure, mmepoteza mapato ya kipande cha mwamba kwa muda. Mkiacha kufunga wakati ilihitajika, mtapoteza mwamba. Gharama hizo hazilingani, na 0.05 haikutungwa na mtu aliyezijua gharama zenu. Mimi binafsi singesubiri uthibitisho kamili ili kufunga kipande kidogo kwa muda unaojulikana. Ningesubiri kabla ya kufunga kipande kikubwa milele.

Na mkifunga, fungeni kwa namna itakayowajibu. Chagueni mwamba mwingine unaofanana na ule, kina kilekile na umbali uleule kutoka pwani, muuache wazi, mpime yote miwili mwaka mmoja kabla na miaka baada. Kusi itapiga kote, joto litafika kote, El Niño haitachagua. Tofauti itakayojitokeza kati ya miamba miwili ndiyo itakayowaambia kazi ya kufunga ni ipi, na pia itawajibu vijana. Bila mwamba wa kulinganisha, baada ya miaka mitano mtakuwa na mkutano uleule. Angalizo moja: wanaohamishwa kutoka kwenye mwamba uliofungwa wataelemea ule wazi, kwa hiyo andikeni idadi yao, la sivyo tofauti itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Kabla ya kupiga kura ya kufunga, au kama namba hizi zitapelekwa mahakamani au kwa mwekezaji, nendeni na daftari lenyewe kwa afisa wa uvuvi wa kaunti na kwa watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mombasa, au muombe idara ya sayansi za bahari ya chuo kikuu kilicho karibu iwape mtu wa takwimu kwa siku mbili. Pelekeni vitabu vya karatasi, si faili la Excel peke yake. Makosa mengi niliyowahi kuyaona yalizaliwa wakati wa kunakili. Ukurasa ule wa historia ya kipimo nao uende. Na mkiona samaki wafu wakielea, maji yamebadilika rangi au matumbawe yamekuwa meupe ghafla, msingoje mstari wowote. Piga picha, andika saa na mahali, toa taarifa siku hiyohiyo.

Kuhusu Machi 2018: asiufute. Vibua waliingia kweli, wavuvi walikula na kuuza, na ni sehemu ya maisha ya bahari yenu. Angeweza kuufuta kama ni kosa la kuandika, mathalani sifuri iliyozidi, na hilo mnaweza kulihakiki kwa kumuuliza aliyekuwa mnadani. La sivyo, vibua wawekwe kwenye safu yao, maana ni samaki wa kupita na hawasemi kitu kuhusu mwamba mnaotaka kuufunga. Changu, tafi, pono na kikande wabaki kwenye safu zao. Kisha afanye hesabu mara mbili, na mwezi huo ndani na mwezi huo nje, aandike majibu yote mawili. Akitumia lile jaribio la jozi ataona yanakaribiana sana.